Meno Thelathini na Nane

Jumatatu, 4 Machi

Hali ya hewa: mawingu mazito. Barabara: hakuna.

Ndivyo nilivyokuwa naandika kwenye gari, hali ya hewa kisha barabara, na leo mkono umejiandikia wenyewe. Miaka yote hiyo niliendesha malori ya masafa marefu. Sasa macho yangu hayaoni mbali, daktari kakataa kunisainia leseni, na mimi hapa nimekaa kwenye kiti cha plastiki natazama kuku wa jirani. Binti yetu ndiye aliyeniletea daftari hili. Kasema, "Baba, ukijisikia kusema kitu, andika. Usimsumbue mama." Mtoto niliyemlipia ada mimi mwenyewe!

Mama yake ndiye mwenye kazi sasa. Alisoma ualimu wa watoto wadogo ukubwani, mimi niko njiani, na mwezi uliopita shule moja ya juu mlimani imemchukua kwa majaribio. Muhula mmoja. Akienda vizuri wanamwajiri, asipoenda vizuri kwaheri. Anakwenda kwa pikipiki yetu ndogo. Anatoka asubuhi, mimi nabaki. Siku ya kwanza nilimwita Mwalimu kwa utani, naye akaitika "Naam" bila kucheka, basi jina likamkaa.

Leo nimepanga upya vyombo vya jikoni. Vizito chini, vyepesi juu, vinavyotumika sana karibu na mkono, kama sanduku la vifaa la lori. Mwalimu karudi, katafuta chumvi mpaka kakasirika. Alifunga kabati kwa nguvu.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Nimefuta pikipiki, ikalowa tena kabla sijamaliza.

Ijumaa, 8 Machi

Mwalimu kachelewa kazini. Cheni ilichomoka njiani, akairudisha kwa mikono, ikachomoka tena. Kafika shuleni mikono imejaa grisi, watoto wameshaingia darasani bila mtu. Mwalimu mkuu, naye ni mwanamke, kamwita ofisini. Kamwambia watoto wa umri ule hawaachwi peke yao hata kidogo, na kwamba hii ni mara ya pili. Ikitokea tena hakuna majaribio wala muhula, arudi nyumbani.

Kanieleza haya akiwa amesimama mlangoni, hata helmeti hajavua.

"Nimeitafuta kazi hii tangu binti yako yuko shule ya msingi," kasema. "Sitaki kuipoteza kwa sababu ya chuma."

Nikamwambia, "Niachie mimi."

Nimefungua kifuniko na kutazama. Sproketi zote mbili, yale magurudumu ya meno yanayovuta cheni, zimekwisha, ile ndogo ya mbele na ile kubwa ya nyuma. Meno yamekuwa membamba, yamelala upande mmoja kama kucha za paka. Na cheni yenyewe ukiivuta kwa nyuma inaachana na meno, unaona mwanga katikati. Ukibadilisha cheni peke yake, meno haya yataila ndani ya mwezi. Hapo lazima seti nzima. Naandika hivi nikiwa na furaha ambayo sikuitegemea. Nina kazi.

Jumamosi, 9 Machi

Nilikwenda dukani asubuhi na mapema, sproketi kuukuu nimezifunga kwenye gazeti. Duka la spea ni la dada mmoja mnene mwenye sauti nzito, watu wanamwita Dada Bolti. Amening'iniza cheni ukutani kwa mafungu, na sproketi zimepangwa kwenye waya kuanzia ndogo hadi kubwa. Akaweka yangu kuukuu juu ya mpya, akalinganisha matundu ya bolti, akahesabu meno kwa kucha ya kidole gumba.

"Mbele kumi na nne, nyuma arobaini na mbili," kasema. "Nikupe hivyohivyo?"

Ningesema ndiyo, tungekuwa tumemaliza. Lakini mimi mtu akiniuliza "hivyohivyo" naona ananidharau. Nikamuuliza kuna gani nyingine. Akanieleza, ingawa mengi nayajua: ya nyuma ikiwa kubwa, pikipiki inavuta sana lakini haikimbii. Ikiwa ndogo, inakimbia lakini inachoka kwenye mlima. Ya mbele ni kinyume chake, na jino moja la mbele ni karibu sawa na matatu ya nyuma.

Kisha akauliza, "Anaendesha nani, na njia yake ikoje?"

Sijui ni kitu gani kiliniingia. Nilikuwa nimesimama pale kwenye kaunta, nyuma yangu kuna vijana wanasubiri kuhudumiwa, na mkono wangu umeshika sproketi. Nikajibu, "Naendesha mwenyewe. Lami tupu."

"Basi chukua kumi na tano kwa thelathini na nane. Utateleza kama maji."

Nikachukua.

Sikudanganya sana. Kutoka hapa hadi njia panda ni lami, na ndiyo sehemu ndefu. Kilima cha mwisho mimi sijawahi kukipanda, lakini kilima ni kilima, mtu anapunguza gia anapanda. Nimepandisha tani thelathini kwenye milima ambayo watu walikuwa wanashuka wanatembea. Na niseme kweli, kwa kuwa hakuna atakayelisoma daftari hili: nataka arudi mapema. Saa za mchana katika nyumba hii haziishi. Nilipokuwa natazama zile sproketi ukutani, nilikuwa nawaza anavyokata ile lami jioni kuja nyumbani.

Jumapili, 10 Machi

Nimefunga seti mpya mwenyewe. Cheni ilikuwa ndefu kwa meno hayo, nikakata pingili mbili na kuzitupa. Klipu ya kufungia nimeiweka mdomo wake ukitazama nyuma, kinyume na mwendo, maana wengi hukosea hapo na klipu huruka. Nikakaza gurudumu, nikabonyeza cheni kwa kidole, inacheza kiasi chake. Nikapaka mafuta.

Mwalimu akaijaribu kwenye lami hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Kitambaa cha kichwa kinapepea. Alipofika akasema, "Mzee! Inaruka hii!" Nikacheka mpaka nikakaa chini, pale pale kwenye matofali, mikono myeusi. Naye akanitazama, akacheka. Tumekula chakula cha mchana pamoja na amekisifia.

Jumanne, 12 Machi

Karudi mapema! Chai ilikuwa haijachemka.

Alhamisi, 14 Machi

Jioni alipokuwa anavua buti akasema, kama mtu anayesema jambo la hali ya hewa, "Mzee, inachoka kidogo kwenye mlima."

Nikamwambia tatizo ni yeye anachelewa kupunguza gia. Nikamweleza namna ya kusikiliza injini, namna ya kushusha gia kabla mlima haujaanza kukudai. Nilieleza sana. Nilichukua hata kifuniko cha sufuria kuonyesha. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, nimeelewa."

Mwanafunzi mzuri.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua usiku kucha na asubuhi. Mwalimu kaondoka kukiwa bado giza. Nimeamka nikakuta upande wake wa kitanda umepoa. Nikamuuliza jioni, akasema ana maandalizi.

Jumatano, 20 Machi

Giza tena. Maandalizi tena.

Ijumaa, 22 Machi

Nimekwenda kwa jirani, fundi cherehani, kumpa suruali anipunguzie kiuno. Tangu niache kazi nguo zote zinanipwaya. Fundi huyu mdomo wake haufungwi. Kapima huku ana pini mdomoni na bado anaongea.

"Mama siku hizi anawahi," kasema. "Namsikia anatoka mapema kuliko wauza maziwa. Na wewe ndiye unayebaki unafua. Ulimwengu umegeuka, dereva!"

"Ana maandalizi."

"Maandalizi ya watoto wa chekechea? Kuchora mbuzi kunahitaji kuamka kabla ya mbuzi?"

Wateja wake wawili wakacheka hawana mbavu. Mimi pia nikacheka, meno nje. Nimerudi nyumbani nikaanza kufikiri, na mimi nikianza kufikiri sina breki. Anaondoka mapema zaidi kila siku. Akirudi hajachoka kidogo, kachoka kabisa, anakula kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kichwa. Hazungumzi. Shule haijabadilika, njia haijabadilika. Kilichobadilika katika nyumba hii ni mimi, nimerudi. Alizoea kuniona mara moja kwa majuma matatu, na zawadi mkononi. Sasa ananiona kila siku na kitambaa cha vyombo begani.

Jumamosi, 23 Machi

Kalala mpaka jua limepanda. Nimepita chumbani mara nyingi nikijifanya natafuta kitu.

Jumanne, 26 Machi

Nimemuuliza. Sikupanga kumuuliza, mdomo umefunguka wenyewe akiwa anakunywa uji, nje giza totoro, mvua inapiga bati.

"Unanikimbia?"

Akaweka kikombe. "Nakwenda kazini."

"Saa hizi?"

"Saa hizi."

"Mimi nimekukosea nini?"

Akanitazama. Nikaona anataka kusema kitu, kiko pale mdomoni kabisa. Kisha akavaa helmeti. "Hujanikosea, Mzee. Rudi ukalale."

Rudi ukalale! Mimi niliyekuwa naamka saa tisa kukagua matairi! Nimekaa kwenye kiti cha plastiki tangu alipoondoka mpaka jua likatoka, kama kuna jua. Nina hasira naye na nina hasira na kiti.

Ijumaa, 29 Machi

Simu kutoka kwa binti. Nikamwambia mama yako amebadilika. Akasema, "Baba, wewe ulipokuwa safarini tulikuwa hatukuulizi uko wapi kila dakika." Nikakata simu. Nikampigia tena, nikamwambia mtandao ulikata.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua. Mvua. Mvua. Nimenoa visu vyote.

Alhamisi, 4 Aprili

Lazima niandike taratibu.

Leo Mwalimu kasahau miwani ya kusomea juu ya meza. Nitaandika kweli: nilipoiona nilifurahi. Nilipata sababu ya kwenda. Nilitaka nifike nimkute anafanya hayo maandalizi yake, au nimkute hafanyi, vyovyote vile, nione kwa macho yangu haya mabovu. Nikavaa koti la mvua, nikaenda njia panda. Malori ya kokoto hupita pale yakipeleka mzigo juu mlimani, kuna jengo linajengwa huko. Nikasimamisha la kwanza. Dereva akajua mara moja mimi ni mwenzake, nadhani ni namna nilivyopanda, mguu wa kushoto kwanza bila kutazama. Nikakaa. Miezi mingi sijakaa juu hivyo. Harufu ya dizeli, kioo kinafutwa kushoto kulia, miguu yangu ikawa inakanyaga pedali ambazo hazipo.

Lami ikaisha na mlima ukaanza. Sijui nilitegemea nini. Ile si njia, ni mfereji wa tope uliosimama. Maji yalikuwa yanashuka kwa njia mbili za matairi, na katikati kuna mawe. Dereva akashusha gia mpaka ya mwisho, lori likaanza kuunguruma na kupanda kwa hatua za mzee.

Tukakata kona, naye akapiga honi ndefu.

"Huyu mama tena," kasema. "Kila siku ya Mungu yuko hapa. Sisi tunamwita Mama Sukuma."

Mbele yetu, pembeni mwa njia, mtu alikuwa anasukuma pikipiki. Amevaa buti za mpira, koti la mvua limeshikamana na mgongo, viatu vyake vya kazi amevifunga kwa kamba na kuvining'iniza shingoni. Anasukuma hatua chache, anashika breki, anapumua, anasukuma tena. Kichwa ameinamisha. Honi ilipolia, akavuta pikipiki pembeni zaidi bila kugeuka, kama mtu aliyezoea.

Hata macho yangu yalimwona. Mgongo ule naujua.

"Kwa nini humsaidii?" nikamuuliza dereva.

"Mzee, wewe ni mwenzangu. Nikisimama hapa na mzigo huu, nitaondoka?"

Hangeondoka. Najua. Mimi pia nisingesimama. Nimewapigia honi watu wangapi namna hii katika maisha yangu, nikiwa juu, nikiwa mkavu, nikamwambia tanboi, msaidizi wangu garini, maneno ya kuchekesha? Nikafungua mlango lori likiwa linatembea. Dereva akapiga kelele. Nikaangukia kwenye tope mpaka magotini.

Nilimfikia nikiwa nahema. Akageuka, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye tope.

"Umefuata nini huku?"

"Miwani," nikasema, nikaitoa mfukoni. Kioo kimoja kilikuwa kimechomoka.

Nilidhani atakasirika, au atalia. Akasema tu, "Haya, basi shika nyuma. Nikichelewa leo nimekwisha."

Tukasukuma. Yeye ameshika usukani, mimi nyuma, bega kwenye kiti. Sehemu moja isiyo na mwinuko mkali akajaribu kuiwasha na kupanda nayo. Ikavuta kidogo, ikalalamika, ikazima. Gia ya kwanza kabisa, na bado ikazima. Nikasikia harufu ya klachi inayoungua. Yeye alishusha gia vizuri sana, mapema, kama nilivyomfundisha kwa kifuniko cha sufuria. Haikuwa kosa lake. Hakuna gia chini ya ile. Ilikuwa imebaki miguu, na miguu ndiyo aliyokuwa anaamkia kwenye giza.

Tukafika juu. Kwenye bomba la shule akanawa buti, akavaa viatu, akafunga kitambaa upya, akaingia darasani. Watoto wakaimba kumsalimia. Hakuchelewa. Mimi nikasimama kwenye mvua nikatazama ile sproketi ya nyuma, nzuri, inang'aa, meno thelathini na nane niliyoyachagua mimi.

Ijumaa, 5 Aprili

Jana jioni tulizungumza, lakini sikuwa na nguvu ya kuandika tena.

Alikuwa anachambua maharage, mimi nimekaa mbele yake. Nikamuuliza imeanza lini.

"Siku ya kwanza. Jumatatu ile, kesho yake baada ya wewe kuifunga. Mvua ikazidisha tu."

"Na hukuniambia!"

"Nilikuambia."

Aliniambia. Inachoka kidogo kwenye mlima, alisema, nami nikachukua kifuniko.

"Ungesema tena. Ungenipigia kelele. Ungesema, wewe mzee, umeniharibia pikipiki!"

Akaacha maharage. "Siku ile ulipomaliza kuifunga ulikaa chini ukacheka. Unakumbuka? Tangu urudi nyumbani nilikuwa sijakuona umecheka. Unazunguka tu, unahamisha vyombo, unafuta vitu visivyo na vumbi. Nikiamka usiku nakukuta umekaa. Nikasema, muhula mmoja tu. Miguu ninayo. Nitasukuma."

Nimeona aibu katika maisha yangu, nimewahi kugonga lango la ghala mbele ya tajiri wangu, lakini hii ni nyingine. Mwanamke huyu alikuwa anahatarisha kazi aliyoitafuta miaka yote ile, kila asubuhi, kwa ajili ya kicheko changu. Na mimi nilikaa hapa nikimhesabia makosa.

Nikamwambia yote. Nikamwambia Dada Bolti aliniuliza anaendesha nani na njia ikoje, na mimi nikajibu naendesha mwenyewe, lami tupu. Nikamwambia na kwa nini.

"Ulitaka nirudi mapema?" akauliza.

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Mimi nilikuacha nyumba hii majuma kwa majuma."

Akarudi kwenye maharage yake. Akasema, "Na mimi nilikuwa nachukia sana mchana. Hasa baada ya chakula, pale pasipokuwa na la kufanya." Alisema tu hivyo, bila kunisuta. Ningependa angenisuta.

Jumamosi, 6 Aprili

Tumekwenda dukani wote wawili. Dada Bolti akamtazama Mwalimu, akatazama buti zake, akanitazama mimi.

"Wewe si ulisema lami tupu?"

"Nilisema."

"Na unaendesha mwenyewe?"

"Dada, nihudumie au nikafie nje?"

Akacheka kwa ile sauti yake mpaka cheni ukutani zikacheza. Mwalimu naye akacheka, wakaungana. Nimekula jeuri yangu hadharani, na bado nikapewa risiti.

Nikaanza kusema turudishe arobaini na mbili kama mwanzo. Kisha nikajikamata. Nikamgeukia Mwalimu. "Wewe ndiye unayepanda. Unataka meno mangapi?"

Akaenda kwenye ule waya, akazigusa moja moja. Akamuuliza Dada Bolti maswali ambayo mimi sikuuliza: tope likijaa kwenye meno inakuwaje, mtu akibeba vitabu nyuma inakuwaje, kushuka je, injini itamshikilia? Hata ile ya zamani, kasema, ilikuwa inampandisha siku za jua tu. Dada Bolti akamshushia ya arobaini na tano, mbele kumi na nne.

"Hii itapanda hata ukutani," akasema. "Ila kwenye lami utakuwa unatambaa, mama. Usije ukanilalamikia. Watoto wa baiskeli watakupita."

Mwalimu akanitazama. Alikuwa ananiuliza mimi. Nikaona anajua kabisa hiyo maana yake nini jioni, kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki.

"Chukua hiyo," nikasema.

Na cheni mpya pia, maana ile niliyoikata haifiki. Nilimwambia Dada Bolti isikatwe hata pingili moja mpaka nimeipima kwenye gurudumu.

Jumapili, 7 Aprili

Tumefunga pamoja. Yeye kashika gurudumu, mimi nimekaza. Klipu kaiweka mwenyewe, mdomo nyuma. Nikataka kumwelekeza, nikajing'ata ulimi.

Jumatatu, 8 Aprili

Kaondoka kweupe. Tumekunywa chai mezani, wote wawili. Nilikuwa nimesahau kwamba asubuhi anapenda kuimba kidogo, chini chini, mashairi ya watoto wake.

Jumatano, 10 Aprili

Lo, anachelewa kurudi! Nilijua, lakini kujua na kukaa ni mambo mawili. Ile lami sasa inamla muda wote. Nimefua, nimepika, nimekwenda kwa fundi cherehani, nimerudi, bado. Miguu inaniwasha. Nimetoka barabarani mara kadhaa mpaka fundi akaniuliza kama nina deni nakimbia.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua kubwa. Kapanda bila kushuka. Kanisimulia mara mbili, nami nimeuliza mara ya tatu.

Ijumaa, 26 Aprili

Leo ndiyo siku ya mwisho ya muhula. Mwalimu mkuu alikuwa atoe jibu lake jioni, watoto wakishaondoka. Mvua ilianza kabla ya alfajiri na haikukata. Mwalimu alivyokuwa anafunga helmeti mkanda ulimponyoka mara mbili, nikamfungia mimi. Sikumpa ushauri wowote. Niandike hilo, maana ni mara ya kwanza.

Siku nzima sikukaa. Nimekwenda jikoni, nimekwenda mlangoni, nimekwenda jikoni. Nilivirudisha vyombo vyote vilipokuwa zamani, kila kitu mahali pake, chumvi kule kwake kusiko na maana. Mchana ukapita. Baada ya chakula, pale pasipokuwa na la kufanya, nikasimama katikati ya chumba nikasema kwa sauti, "Na wewe ulikaa hivi miaka yote hiyo."

Giza likaanza kuingia. Nikawaza ule mfereji. Nikawaza mambo ambayo siyaandiki.

Kisha nikaisikia. Ile ya thelathini na nane ilikuwa inakuja kimya kimya, nashtukia iko mlangoni. Hii ina kelele, injini inalia juu wakati wote kwa sababu gurudumu linazunguka pole, na mimi macho yamekufa lakini masikio bado ni ya dereva. Niliisikia ikiwa mbali sana, tangu kule inapoingia kwenye barabara ya mtaa mkubwa. Nikaisikia ikipunguza, ikiongeza, ikisubiri gari lipite. Nilikuwa naye njia nzima. Nikatoka nikasimama getini bila koti, mvua inanipiga, na nilikuwa na furaha kama mjinga.

Akasimama mbele yangu. Tope mpaka kidevuni.

"Mbona uko nje?"

"Nimekusikia."

Akazima injini. "Wamenichukua," kasema. Halafu akasema tena, taratibu, kama anajiambia yeye mwenyewe, "Mzee, wamenichukua."

Nililia, na sioni sababu ya kuficha. Naye akalia, akiwa bado amekaa juu ya pikipiki. Fundi cherehani akachungulia dirishani kwake, akaona, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akafunga dirisha bila neno.

Tulipoingia ndani, nikimvua buti, akaniambia kuna lingine. Muhula ujao wanampa na darasa la jioni, wale watoto ambao wazazi wao wanachelewa kuwachukua. Atakuwa anatoka huko jua linazama. Alisema nikiona ni vigumu, yeye atakataa, na hatanuna. Alikuwa ananitazama machoni wakati anasema.

Nikamalizia kumvua buti la pili, nikamwaga maji yaliyokuwa ndani.

"Usikatae," nikamwambia. "Nitakusikia ukirudi."